Risasi Isiyoita Watu

Kosa ninalotaka kulianika hapa ni uchoyo. Sisemi uchoyo wa mtu anayekataa alipoombwa, kwa maana huyo walau uso wake umeonekana. Nasema uchoyo wa mtu anayepanga mambo yake kwa uangalifu ili asiombwe kabisa. Wa kwanza hukosa mbele ya watu, na watu humsema. Wa pili hukosa na bado huketi kanisani kwenye benchi la mbele, akishika kitabu cha nyimbo. Mimi niliketi kwenye benchi hilo.

Katika miaka ya hamsini nilikuwa karani wa shamba la mzungu mmoja kwenye vilima vya juu ya Bihambwe, huko Masisi. Shamba lilikuwa na sehemu mbili. Chini, karibu na njia, palikuwa na malisho ya ng'ombe wa maziwa. Juu, mwendo wa nusu saa wa kupanda, palikuwa na kitalu cha miche ya kwinini, ile miti ambayo magome yake hufanywa dawa ya malaria. Asubuhi niliandika majina ya wafanyakazi na kupima maziwa, ya shamba na yale tuliyonunua kwa wafugaji wa jirani. Baada ya hapo, kwa kuwa jicho langu lilikuwa jema na jina langu lilikuwa kwenye karatasi ya ruhusa, nilichukua bunduki na kupanda kwenda kulinda miche. Sungura waliikata vichwa. Kware walichakura mbegu. Simbiliki, yule panya mnene wa kwenye matete ambaye nyama yake ni tamu kuliko kuku, alitafuna mizizi. Ukipitisha juma moja bila kuwapiga, kazi ya mwaka ilikuwa imekwisha.

Bunduki yenyewe ilikuwa nyepesi, na risasi yake haikuzidi unene wa punje ya njegere. Hata hivyo ililia kama ubao mkavu unaovunjwa gotini, na katika vilima vile sauti huvuka bonde, hugonga upande wa pili na kurudi.

Hapo sharti nieleze desturi ya kilima chetu, kwa sababu bila hiyo kosa langu halionekani. Wazee wa familia nyingi za pale waliwahi kuwinda kwa nyavu katika misitu inayoteremka kuelekea Walikale. Mbwa wao hawakubweka. Walifungwa kengele za mti shingoni. Aliyesikia kengele hizo akafika kabla mnyama hajachunwa alikuwa na fungu lake. Hakuomba. Alikuja na jani la mgomba, akaketi, na mwenye mnyama akakata. Asiyesikia hakuwa na la kulalamika. Bunduki ilipofika kilimani, watu hawakuitungia sheria mpya. Waliihesabu kuwa kengele nyingine.

Kwa hiyo kila nilipopiga, kabla sijamaliza kunoa kisu walikuwa wamefika.

"Karani, njo tumesikia. Kuko nini?" waliuliza, na "njo" ya kwetu ni "ndiyo".

"Ni sungura tu."

"Hata kama iko sungura, iko na miguu ine. Sisi tuko watatu. Ule wa ine ni wako."

Walicheka, nami nilicheka, na nilikata. Nakiri kwamba nilikata kwa moyo mzito. Nilikuwa nimesoma, nilijua kuandika barua kwa Kifaransa, niliona kwamba mimi ndiye niliyenyeshewa mvua kitaluni tangu alfajiri, na wao walikuwa wameketi majikoni mwao wakingoja mlio.

Wa kwanza kufika sikuzote alikuwa mama mmoja mjane, mwenye shamba dogo la maharage chini ya kitalu. Binti yake alikuwa amefariki na kumwachia mtoto wa kiume aliyekuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Majirani walimtania kwamba anasikia risasi kabla haijatoka mu bunduki. Naye aliwajibu, "Muntu mwenye kulala njaa na mutoto, masikio yake hailale." Alipokea fungu lake, mara nyingi shingo au mgongo, akalifunga vizuri, akanishukuru kwa jina la baba yangu, na akateremka haraka kwenda kumpikia mjukuu wake mchuzi. Sikufikiri kamwe kwamba ile ndiyo nyama pekee iliyoingia katika nyumba ile.

Kisha ng'ombe wa chini walianza kuleta taabu. Mzungu na mimi tulipiga mara nyingine kwenye ua wao pia, kwa maana panya walikuwa wameingia katika ghala la pumba, na kila mlio ulipotoka ng'ombe walishtuka na kuyazuia maziwa. Mzungu aliagiza risasi za namna nyingine. Zilikuja katika vikasha vidogo. Zilikuwa fupi, zenye baruti kidogo sana, na zilipopigwa zilitoa sauti isiyozidi ya mtu anayepasua ganda la maharage makavu.

Alinifundisha mwenyewe namna ya kuzitumia, na alinifundisha vizuri. Risasi ya namna hiyo huenda polepole na huanguka mapema. Sharti ukaribie hatua kumi na tano, na ulenge kichwa, juu kidogo ya pale unapotaka. Sharti uitie moja moja kwa mkono. Usipige kamwe juu ya jiwe au maji, kwa kuwa huruka na kwenda pembeni usikokutazamia, na japo huenda polepole, bado inatosha kumtoboa mtu. Tena, ikiwa mlio umekuwa mdogo kupita kawaida, usitie nyingine kabla hujapitisha ufito wa shaba ndani ya mtutu, maana huenda ile ya kwanza imekwama humo. Yote hayo niliyashika. Aliniambia pia jambo la mwisho: "Hizi ni za karibu na ng'ombe. Kule juu tumia zile za kawaida, zinafika mbali." Hilo nalo nililisikia.

Siku ya kwanza nilimpiga sungura kando ya ghala. Alilala palepale. Nilinoa kisu, na kwa mazoea nikawa nageuza uso kuelekea njia. Hakuna aliyekuja. Nilichuna peke yangu, polepole, nikashangaa jinsi sungura mmoja alivyo mkubwa akiwa hajakatwa.

Tangu siku hiyo vikasha vya risasi za kawaida vilikaa rafuni. Nilipopanda kitaluni, ambako hakukuwa na ng'ombe hata mmoja, nilijaza mfuko kwa zile fupi. Nilijifunza kutambaa. Nilijifunza kungoja kware mpaka awe karibu kiasi cha kuona kope zake. Nilipiga nyama nyingi kuliko zamani, kwa sababu mnyama mmoja alipoanguka wenzake hawakukimbia. Nami niliificha ndani ya kabuti na kuteremka kwa njia ya nyuma. Nilijiambia kwamba sijavunja desturi yoyote. Desturi ilisema aliyesikia. Mtu aliyesoma kidogo hupata sababu upesi, na mimi nilikuwa nimesoma.

Mke wangu aliniuliza mara moja tu.

"Papa, ile masasi ya zamani imekwisha?"

"Haijakwisha. Ng'ombe wanaogopa."

"Kule juu kwa miche kuko ng'ombe?"

Aliniwekea sahani yangu, akala viazi vyake bila mchuzi, na hakuuliza tena.

Miezi ilipita hivyo. Asubuhi moja, nikiteremka na kware wawili ndani ya kabuti, nilimkuta yule mjane ameketi juu ya mgongo wa kilima, mahali pa baridi na upepo ambapo hakuna mtu anayeketi bila sababu. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha. Alikuwa amemfunika mtoto kwa jani. Nilimwona yule mtoto na nikaona ule ugonjwa wa mtoto anayekosa nyama na maziwa, ambao kila mtu wa vilima vyetu aliujua kwa macho: nywele zimegeuka rangi ya ndevu za mahindi, miguu imevimba hata ukiibonyeza shimo linabaki, na uso umenuna kama wa mzee. Hakulia. Watoto wa ugonjwa ule hawalii.

"Karani," mjane alisema, "nikuulize kitu, lakini usinicheke."

"Uliza, Mama."

"Ile bunduki yako ingali inalia?"

Kware walikuwa bado na joto kwenye mbavu zangu. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, nafasi pana kama mlango wa kanisa. Nilisema, "Inalia, Mama."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa habari aliyokwisha kuijua.

"Basi ni masikio. Majirani walisema hata wao hawasikii, nikazani wananihurumia. Nilitia mafuta ya mbarika, moto kidogo, siku saba. Haikusaidia. Njo maana nakuja kuikaa hapa juu. Nazani labda hapa nitasikia."

"Na shamba lako?"

"Shamba itangoja."

Nilimwambia uzee ni jambo la kila mtu. Nilisema hivyo kwa sauti ya upole. Kisha nilikwenda nyumbani, nikawakabidhi wale kware kwa mke wangu, na nilikula. Sitaki msomaji afikiri kwamba chakula kilinikwama kooni. Hakikukwama.

Alikuja juu ya kilima kila siku, na maharage yake yakamezwa na majani. Kisha Jumatatu moja hakuonekana. Nakiri kwamba nilipumua.

Siku iliyofuata nilikuwa napima maziwa ya jirani. Wafugaji walikuwa wakija na vibuyu vyao, na kati yao alikuwamo mama mmoja ambaye boma lake lilikuwa mwendo wa saa moja kutoka shambani, kwenye njia inayokwenda Masisi mjini na Kalembe. Alikuwa mtu wa maneno machache kazini. Siku hiyo aliwaacha wenzake wote wapimiwe, akabaki wa mwisho.

"Karani, kwangu kuko mama mumoja kiziwi."

"Pole yake," nilisema, nikiendelea kuandika.

"Alipita jana na mutoto mu mugongo. Anasema anaenda Walikale kwa kaka yake. Anasema kule wanawinda na wavu, na hata kiziwi anaweza kuona watu wanakimbia, akawafuata. Nikamwambia ingia unywe maziwa. Hakutaka. Miaka mbili iliyopita ng'ombe yangu ilikula maharagi yake, na yeye akaipiga jiwe, tukatukanana mpaka wabwana wetu wakatutenganisha."

"Na akaingia?"

"Nikamwambia: ng'ombe ilikula maharagi yako, ni kweli. Sasa mutoto wako atakunywa maharagi yake. Akaingia."

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Alipokaa, nikamwaga maji nyuma yake, polepole. Akageuka mbele ya maji kugusa chini. Nikashusha sauti, nikamutukana kidogo."

"Ukamtukana?"

"Kidogo tu. Akanirudishia, na yake ilikuwa kali kuliko yangu. Ule si kiziwi, Karani."

Kalamu yangu ilisimama. Mama huyo aliniangalia bila hasira, kama anavyomwangalia ng'ombe anayechechemea ili ajue mguu upi.

"Mimi nilikuona siku moja kule juu kwa miche, nilikuwa natafuta ndama. Sungura ilianguka kama muntu aliyechoka. Sikusikia kitu, na masikio yangu iko muzima. Nikajisema, wanafanya vile kwa ajili ya ng'ombe. Lakini pale hapakuwa ng'ombe. Hata ndama yangu sikuipata pale."

"Unataka nini, Mama?"

"Mimi sitaki kitu. Nilimwambia masikio yake iko muzima, akasema namudanganya kwa huruma. Kesho asubui anaondoka. Mpaka Kalembe ni siku mbili kwa muntu mwenye nguvu, na kwa kaka yake iko mbele tena, mu pori. Yule mutoto hatafika. Wewe njo unaweza kumwambia, na ataamini, kwa sababu hakuna muntu anajisemea vile bure."

Nilimwomba anipe muda mpaka Jumapili. Nilitaka kulipanga neno langu. Nilikuwa mzee wa kanisa kijana kuliko wote, na kilima kizima kingejua. Alichukua kibuyu chake kitupu, akakitikisa kikauke, na akasema, "Mutoto hana Jumapili." Kisha akasimama mlangoni na kungoja.

Nilifunga daftari nikamfuata. Njia nzima hakunisemesha.

Mjane alikuwa ameketi mbele ya nyumba, mzigo wake umekwisha kufungwa. Mtoto alikuwa amelala juu ya ngozi ya ndama, tone la maziwa limekauka kidevuni. Nilitoa mfukoni risasi mbili, moja ya kawaida na moja fupi, nikaziweka juu ya kiganja na kumweleza tofauti yake. Nilieleza mambo ya baruti, na mambo ya ng'ombe, na niliona kwamba nilikuwa nazunguka. Alinikatiza.

"Hii fupi njo inanyamaza?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ulipiga nayo kule juu?"

"Nilipiga nayo."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Na siku ile uliniambia inalia."

"Nilikudanganya. Nilikuwa na kware wawili ndani ya kabuti."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi; nilikuwa nimekwisha kuambiwa jinsi alivyo hodari kwa kazi hiyo. Hakunipa hata moja. Alimgeukia mtoto na kumwambia, kwa sauti ya kumpa habari njema, "Bibi yako si kiziwi." Kisha alimpangusa kidevu. Alipozungumza tena hakuniangalia.

"Nilikuwa nauliza Mungu kwa nini anachukua masikio na anaacha macho, nione mutoto anakufa."

Hakuna hakimu aliyewahi kunipa hukumu nzito kuliko hiyo, na haikusemwa kwangu.

Alifungua mzigo wake. Mwenye boma alikataa arudi kilimani kwake kabla miguu ya mtoto haijanywea, na wakabishana juu ya jambo hilo kwa furaha ya watu ambao wamebishana zamani na wanajua njia. Mwishowe mjane alikubali kwa sharti kwamba asubuhi atakwenda kulima shamba lake na jioni atarudi. Mtoto alikaa kwa yule mama mchana kutwa, akinyweshwa maziwa kwa kijiko, kidogo kidogo, maana tumbo lililosahau chakula halipokei kingi.

Mimi nilileta nyama kila baada ya siku mbili au tatu. Watu wa ng'ombe hawapendi nyama ya porini ikaribie vyombo vya maziwa, kwa hiyo fungu langu lilipikwa nje, chini ya ukingo wa paa, katika chungu ambacho hakikuingizwa ndani kamwe. Niliona ni haki. Kanisani nilisimama na kusema nilichofanya, nikarudi kuketi nyuma, ambako niliketi miaka mingi.

Ugonjwa ule ukianza kupona humtisha asiyeujua. Uvimbe ulipoondoka, tuliona jinsi mtoto alivyokuwa amekwisha: mifupa na ngozi, na macho. Mjane alilia siku hiyo, akidhani ndio mwisho. Mwenye boma alimwambia sasa tunamwona mtoto mwenyewe, kabla ya hapo tulikuwa tunaona maji. Baada ya majuma kadhaa mtoto aligombania kijiko. Baadaye nywele zilianza kuota nyeusi kwenye mizizi, na rangi ile nyingine ilisogea juu kidogo kidogo mpaka ikakatwa. Alianza kutembea akishika mikia ya ndama.

Mtoto huyo leo ni mtu mzima, mwalimu wa shule, mrefu kuliko mimi. Alipita kwangu mwaka huu kunisalimu. Bibi yake, kabla hajafariki, alikuwa amemwambia kwamba karani wa shamba la kwinini ndiye aliyewazuia wasiingie njia ya Walikale. Hakumwambia neno jingine juu yangu. Yule mwalimu alinishukuru kwa heshima kubwa, akiwa amesimama, kofia mkononi, na mke wangu alikuwa anasikiliza kutoka jikoni.

Sikuweza kuipokea shukrani hiyo. Nilimketisha na kumweleza haya yote kama nilivyoyaandika hapa, pamoja na kware na kabuti. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: kama si mimi, ni nani. Nilimwambia: ni mwanamke ambaye bibi yako alimpigia ng'ombe jiwe, naye akamwita aingie. Aliyemwaga maji nyuma ya mgongo wake ili ajue kweli, akaja kunitafuta na kunisimamia mlangoni. Jina lake la ubatizo silijui, na nimeuliza wengi. Kilima kizima kilimwita Mama Maziwa.